Cheti kiko ukutani, tokeni iko kwenye droo ya mhasibu

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipoizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Aprili 2024, ofisi nyingi za Dar es Salaam zimekuwa kwenye pilikapilika za kujisajili. Hospitali binafsi, shule, hoteli, kampuni za mikopo, wauza nguo wa mtandaoni: kila anayekusanya majina, namba za simu na nakala za vitambulisho vya wateja anatakiwa awe kwenye daftari la Tume. Ni jambo jema, na lilichelewa. Lakini pembeni ya usajili huo kumezuka biashara nyingine, ya washauri na wauza mitambo wanaozunguka Posta, Mikocheni na Barabara ya Nyerere wakiwa na maneno yaleyale: jisajili, nunua mtambo huu, lipia semina ya siku moja, kampuni yako itakuwa salama mtandaoni. Wakurugenzi wanaamini. Cheti kinawekwa fremu, kinatundikwa mapokezi, na suala zima la usalama wa mtandao linahesabiwa limekwisha.

Hapo tumechanganya mambo mawili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mteja dhidi ya kampuni inayoshika taarifa zake. Haikutungwa ili kulinda hela ya kampuni. Na hela ya biashara za kati za mji huu, kwa jinsi ninavyozifahamu, aghalabu haiibiwi usiku na mtu aliyevunja kompyuta. Inatoka mchana kweupe, kwa malipo yaliyoandaliwa na mfanyakazi halali na kuidhinishwa kwa tokeni halali, yaani kile kifaa kidogo cha benki kinachotoa namba za kuidhinishia malipo, ikienda akaunti ya mwizi. Kwa hiyo nasema ulinzi wa mtandao wa biashara ya Dar ni kazi ya mwenye biashara na mhasibu wake kwanza, na fundi wa kompyuta anafuata nyuma yao. Tukimwachia fundi peke yake, tunaweka walinzi upande ambao wezi wengi hawapiti.

Kila mwenye simu nchini anaujua ujumbe wa "ile hela nitumie kwenye namba hii". Umeshakuwa mzaha. Dhidi ya utapeli wa namna hiyo serikali imefanya mengi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, usajili wa laini kwa alama za vidole uliofuatiwa na kuzimwa kwa laini zisizosajiliwa kuanzia Januari 2020, namba 15040 ya kuripoti matapeli, *106# ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na kampeni ya Sitapeliki. Taarifa za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimekuwa zikitaja Rukwa na Morogoro miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu, kana kwamba Sumbawanga haikuwa na utani wa kutosha. Yote hayo yanamlenga mtu mmoja mwenye simu mkononi. Ujumbe uleule unapoingia ofisini ukiwa na nembo ya kampuni juu na muhuri chini, hauna kampeni wala namba ya kuripoti ambayo karani anaikumbuka.

Tumwangalie mwagizaji wa Kariakoo anayeleta taa, vitenge au vipuri kutoka Guangzhou au Yiwu. Mzunguko wake unajulikana. Muuzaji anatuma profoma, yaani ankara ya awali, mteja analipa malipo ya awali, kiwanda kinatengeneza, salio linalipwa mzigo unapokaribia kupakiwa, hati zinatumwa, wakala wa forodha anaanza kuhangaika na bandari. Mazungumzo yote yako kwenye baruapepe, WeChat na WhatsApp. Anachohitaji mwizi ni paswedi ya baruapepe ya upande mmoja tu, iwe ya muuzaji kule au ya karani wa hapa aliyetumia paswedi ileile kila mahali. Akishaingia hafanyi fujo. Anasoma. Anajifunza nani huandika kwa kirefu na nani kwa mkato, bei imefikia wapi, kontena linapakiwa lini. Anaweka maelekezo kwenye sanduku la barua ili majibu ya kweli yajipeleke kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Salio linapokaribia kulipwa, profoma inakuja yenye nembo ileile na bei ileile, ila mistari miwili ya chini imebadilika: jina la benki na namba ya akaunti. Sababu nayo imeshaandaliwa. Akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi wa kodi, tumia hii kwa sasa. Mfanyabiashara mmoja ninayemfahamu wa Mtaa wa Livingstone alilipa namna hiyo na alikuja kugundua pale kiwanda kilipoanza kumdai salio ambalo kwa hesabu zake lilikuwa limeshalipwa. Kilichomtatiza mpaka leo ni kwamba kompyuta zake zote zilikuwa na antivairasi ya kulipia. Ilikuwa inafanya kazi vizuri. Hapakuwa na kirusi cha kukamata.

Na hapa kuna kichekesho kisichochekesha. Ukimtumia shangazi yako shilingi elfu ishirini kwa simu, jina lake linatokea kabla hujaweka namba ya siri, na ukiona jina la mtu mwingine unaghairi. Ukituma dola elfu arobaini ng'ambo kwa TT, yaani uhamisho wa benki hadi benki, hakuna jina linalokurudia. Benki inayopokea mara nyingi hufuata namba ya akaunti, na jina uliloliandika kwa uangalifu kwenye fomu linabaki pambo. Muamala mdogo una ulinzi ambao mkubwa hauna.

Benki zetu, kwa haki, zimeweka kinga yao. Akaunti ya kampuni mtandaoni hupangwa ili mmoja aandae malipo na mwingine ayaidhinishe, kila mmoja kwa tokeni yake. Sasa pita kwenye ofisi za mjini uulize tokeni ya mwidhinishaji iko wapi. Katika nyingi utaikuta kwenye droo ya mhasibu, imefungwa kwa mpira pamoja na ya kwake, namba ya siri imeandikwa kwenye kikaratasi, kwa sababu bosi husafiri na hapendi kusumbuliwa akiwa Dubai. Kwenye fomu za benki kuna watu wawili, kwenye kiti kuna mmoja. Udhaifu huo hautaonekana kwenye ripoti ya mtambo wowote utakaouziwa, kwa kuwa kwa mtambo kila kitu kiko sawa: tokeni ni ya kweli, namba ya siri ni ya kweli, saa ni ya kazi.

Juu ya hapo kuna utamaduni wa "bosi kasema". Ijumaa saa kumi jioni mkurugenzi anatuma ujumbe wa sauti WhatsApp, pengine kwa namba ya ugenini aliyonunua uwanja wa ndege: lipa hii haraka, niko kikaoni, usinipigie. Binti wa uhasibu, ambaye huenda ni mpwa wake, amelelewa kumwamkia shikamoo na kutomhoji. Akipiga simu kuhakikisha ataonekana hana adabu, au vibaya zaidi, ataonekana anamshuku mzee. Basi analipa. Mara tisini na tisa ujumbe ulikuwa wa bosi kweli, na kila mara binti alisifiwa kwa wepesi. Ujumbe wa mia unapotoka kwa tapeli, tunamwita binti mzembe na kumkata mshahara, wakati bosi mwenyewe ndiye aliyemzoesha kwa miaka kutii amri zenye sura hiyohiyo. Semina ya siku moja haifuti mazoea ya miaka. Kitakachoyafuta ni bosi kutamka mbele ya wafanyakazi wote, na kuandika, kwamba atakayekataa kulipa mpaka asikie sauti yake kwenye namba inayojulikana hatakuwa amekosa adabu, hata kama kuchelewa huko kutaiponza biashara siku hiyo. Nakiri ni rahisi kuliandika hilo kuliko kuliishi katika kampuni ya familia.

Je, ninakuza jambo kwa sababu tu nimeliona kwa karibu? Takwimu za Marekani si za Tanzania, ila zinatoa picha ya uwiano. Kwa mwaka 2024 kituo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kilipokea taarifa za hasara ya dola bilioni 16.6. Udanganyifu wa malipo kupitia baruapepe za kibiashara ulichukua zaidi ya bilioni 2.7. Uvamizi wa kufunga mafaili na kudai fidia, ambao ndio unaotawala vichwa vya habari na mabango ya wauza mitambo, uliripotiwa kwa hasara ya takriban milioni 12. FBI wenyewe wanatahadharisha kwamba hesabu hiyo ya mwisho haijumuishi siku za kazi zilizopotea wala gharama za kurekebisha, kwa hiyo tusiifanye silaha. Hata ukiizidisha mara kumi, bado haifiki karibu.

Karibu na nyumbani kuna mkasa wa Kampala. Novemba 2024 zilienea habari kwamba wadukuzi wameingia Benki Kuu ya Uganda na kuondoka na shilingi bilioni 62 za huko, na likatajwa kundi la kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Februari 2025 waliopandishwa kizimbani walikuwa maofisa wa wizara ya fedha ya nchi hiyo. Hatia yao ni ya mahakama kuamua na siingilii. Ninachokitazama ni jinsi kisa kilivyohama, kutoka kwa mdukuzi wa mbali asiye na sura hadi kwenye meza za watu wanaoandaa malipo.

Wapo wanaonipinga kwa hoja nzito, na nzito kuliko zote ni ya programu hizohizo za kudai fidia. Ripoti ya 2025 ya Verizon, kampuni ya mawasiliano ya Marekani, inasema zilihusika katika asilimia 44 ya matukio ya uvunjaji iliyoyachambua, na kwa biashara ndogo na za kati asilimia ilipanda hadi 88. Anayetaka mfano wa Afrika aangalie Julai 2021, Transnet, kampuni ya serikali ya bandari na reli ya Afrika Kusini, iliposhambuliwa na shughuli za makontena bandari ya Durban na nyinginezo zikakwama hadi kampuni ikatangaza kwamba imeshindwa kutimiza mikataba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Mtu wa Dar hahitaji kuelezwa maana ya bandari kusimama. Kwa hospitali, kwa kampuni ya malori ya Tunduma na Lubumbashi, kwa yeyote ambaye kazi yake inasimama mfumo ukisimama, nakubali kwamba hatari hii inaweza kuipita ile ya profoma.

Lakini tazama kinachookoa watu wakati huo. Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya ilisambaa duniani kupitia masasisho ya programu ya uhasibu ya Ukraine, na Maersk, kampuni ya meli za mizigo ambayo makontena yao tunayaona kila siku Barabara ya Mandela, walilazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya takriban siku kumi. Hasara yao ilikadiriwa kufikia dola milioni 300. Nakala ya mfumo wao wa kuratibu watumiaji ilipatikana nzima mahali pamoja tu, ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na mashine ile haikuwa mtandaoni shambulio lilipopita. Mgao wa umeme, kwa mara moja, ulifanya kazi ya maana. Biashara ya hapa inaweza kupata kinga ileile bila kusubiri TANESCO, kwa kuwa na diski ya nje inayochomekwa wakati wa kunakili data na kuchomolewa baadaye, kisha mtu akajaribu kuirejesha data hiyo angalau mara moja aone kama inafunguka. Na inaweza kuacha Windows ya kukraki, ile ambayo fundi alizima kwanza antivairasi ndipo ikakubali kuingia. Hayo nayo ni maamuzi ya mwenye hela. Fundi alishayasema zamani, akajibiwa kwamba leseni ni ghali.

Hoja ya pili ni ya akili mnemba. Inasemwa kwamba sasa sauti na sura ya mtu vinaigizwa, kwa hiyo bila mitambo mipya yenye akili kama hiyo tumekwisha. Mfano unaotajwa sana ni wa kampuni ya uhandisi ya Arup. Mwanzoni mwa 2024 mfanyakazi wa ofisi yake ya Hong Kong aliingia kikao cha video, akawaona na kuwasikia wakubwa wake, wote wa kuigizwa, akatuma miamala 15 yenye jumla ya takriban dola milioni 25 za Marekani. Ni kweli mambo yamebadilika. Zamani tapeli alijulikana kwa Kiswahili chake kibovu; sasa anakuandikia Kiswahili fasaha chenye salamu za Idd. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hauthibitishi chochote tena. Ila jiulize nini kingeizuia hasara ile. Simu moja kwa namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu za kampuni kabla ya kikao, au mtu wa pili aliye nje ya kikao ambaye bila yeye hela haitoki. Uigizaji umekuwa wa kisasa na dawa imebaki ya kizamani, ambayo wahasibu walifundishwa kabla ya kuwepo kwa intaneti: aliyeomba, aliyeandaa na aliyeidhinisha wawe watu tofauti.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: sisi ni wadogo, nani atahangaika na sisi? Inadhani kuna mtu amekaa mahali na orodha, anachagua. Mei 2017 programu ya WannaCry ilipita nchi zaidi ya 150 ikijisambaza yenyewe, haikumuuliza mtu mtaji wake. Paswedi zinajaribiwa na programu zinazogonga kila mlango, mchana na usiku. Halafu udogo wenyewe ni wa kujidanganya. Duka la vyumba viwili Mtaa wa Aggrey linaweza kuwa linatuma nje dola nyingi kila mwezi kuliko ofisi yenye lifti na walinzi wa sare. Na mdogo ni njia ya kumfikia mkubwa. Ripoti ileile ya Verizon inaonyesha kwamba matukio yanayohusisha wazabuni na watoa huduma wa nje yameongezeka maradufu, kutoka asilimia 15 hadi 30. Anayeuza vifaa vya ofisi kwa benki au kwa mgodi ana baruapepe ambayo benki na mgodi wanaiamini.

Tukikubali kwamba tatizo kubwa liko kwenye uidhinishaji wa malipo, maswali yanabadilika. Bajeti ya usalama haitaanza na mtambo, itaanza na mshahara wa mtu wa pili. Mkaguzi wa hesabu, anapokuja kila mwaka, atauliza tokeni ziko kwa nani kabla ya kuuliza risiti za EFD. Benki zitaulizwa kwa nini jina la mpokeaji lisionekane kabla ya malipo ya kampuni kutoka. Uingereza ilianza kuonyesha ulinganifu wa jina na akaunti mwaka 2020, na Umoja wa Ulaya ukaufanya kuwa lazima katika ukanda wa yuro Oktoba 2025. Uingereza ilienda mbali zaidi Oktoba 2024 kwa kuzitaka taasisi za malipo ziwarudishie waliodanganywa, watu binafsi na biashara ndogo sana, hadi pauni 85,000. Lakini utaratibu huo hauhusu hela inayokwenda nje ya nchi, kwa hiyo hata tukiuiga neno kwa neno, mwagizaji wetu wa Kariakoo atabaki peke yake na profoma yake. Kwa TT ulinzi wake wa mwisho ni kuwahi: kuifahamisha benki saa hiyohiyo iombe malipo yarudishwe kabla hayajatolewa upande wa pili. Kwa miamala ya papo kwa papo ya hapa nchini hata huo muda haupo.

Jambo gumu zaidi ni ukimya. Sheria ya taarifa binafsi inaitaka kampuni iiarifu Tume bila kuchelewa taarifa za watu zinapovuja, na kwangu hicho ndicho kipengele chake chenye thamani kuliko cheti. Lakini malipo yakienda kwa mwizi bila taarifa za mteja kuguswa, kampuni haina wa kumwarifu kwa lazima. Mwathirika anachukua RB, namba ya taarifa yake, polisi, anarudi dukani, ananyamaza. Anawaogopa wateja na benki inayomkopesha, na wengine, tuseme ukweli, wanaogopa maswali kuhusu dola zenyewe zilitoka wapi na zilitangazwa vipi forodhani. Wiki inayofuata jirani yake wa ghorofa ya pili analipa akaunti ileile. Jumuiya ya wafanyabiashara ya Kariakoo imeshaonyesha inaweza kufunga maduka soko zima kwa sababu ya kodi. Kuweka orodha ya akaunti zilizotumika kwa utapeli, bila kutaja aliyeibiwa, ni kazi ndogo kuliko mgomo.

Inabaki biashara ya watu watatu, ambayo haina uwezo wa kuajiri mwidhinishaji na ambayo mwenyewe ndiye mnunuzi, muuzaji na dereva. Kwake kutenganisha kazi ni maneno ya vitabuni. Anachoweza ni kukubaliana na benki yake kwamba mpokeaji mpya, au akaunti iliyobadilika, asilipwe siku hiyohiyo, na kwamba kabla ya kulipwa benki itampigia kwenye namba aliyoiandika siku ya kufungua akaunti. Baadhi ya maofisa wa benki watamwambia mfumo hauruhusu. Asisitize, na akikataliwa aombe kikomo cha chini cha malipo kwa siku, ambacho mifumo mingi inakiruhusu ingawa ni wachache wanaokiomba, kwa kuwa siku ya kufungua akaunti kila mtu anataka kiwango cha juu kabisa.